Shule ya msingi imechoka? Hivi ndo mnavyopanga ukarabati na kutafuta hela

Hii naiandika kwa walio kwenye kamati za shule za msingi za serikali huku Tanzania, hasa zile shule za miaka ya 70, baada ya Azimio la Musoma la 1974, ambapo kila kijiji kilitakiwa kiwe na madarasa fasta watu wakafyatua tofali wakajenga kwa nguvu zao. Watoto wanasomea humo humo mpaka leo, na toka elimu bila malipo ianze 2016 wamejaa kweli kweli.

Kamati nyingi zinaanza kwa barua. "Tunaomba kukarabatiwa shule yetu", muhuri, sahihi ya mwenyekiti, basi, barua inaenda kulala kwenye faili halmashauri. Mtu wa huko hata akitaka kusaidia hajui aweke shilingi ngapi. Afu jueni kitu kimoja, hela ya kukarabati shule huwa haiji yote kwa pamoja, inakuja leo kidogo mwakani kidogo, kwa hiyo mpango wenu ukateni vipande, na kila kipande kikimalizika kiwe kimemalizika, kinatumika hata kama hela nyingine haitakuja tena. Maboma yaliyoota majani tunayo ya kutosha nchi hii.

Kabla ya barua yoyote zungukeni jengo. Mwalimu mkuu, fundi mmoja anayeaminika, mjumbe mmoja wa kamati, na mkimpata mtu wa ofisi ya mhandisi wa halmashauri ni bora zaidi. Anzieni juu. Bati lililotoboka kwa kutu linajulikana, zimeni mwanga mfunge madirisha mkae ndani mchana mtaona matundu kama nyota. Ila bati sio shida kubwa, shida ni mbao, chukueni bisibisi mchome kenchi (zile mbao zinazobeba paa) pale inapokaa ukutani, ikizama bila nguvu hapo mchwa ameshakula na kuweka bati jipya juu yake ni kutupa hela. Kama paa ni la yale mashiti ya kijivu ya zamani ya asbesto, msiyavunje wala kuyakata wala kufagia vumbi lake, na watoto wasikae karibu, vumbi lile linaharibu mapafu, hilo ripotini halmashauri kwa maandishi watafute wataalamu wa kuliondoa.

Ukutani angalieni nyufa. Ufa mwembamba wa plasta usiwatishe. Ule unaotoka kona ya dirisha unashuka mshazari, au ule kidole kinaingia, huo una mambo. Uwekeeni alama: chora mstari wa penseli ukivuka ufa, andika tarehe pembeni, pima upana kwa rula, rudi baada ya miezi miwili mitatu hasa baada ya mvua. Ukiwa umeongezeka msingi bado unatembea na kuziba kwa saruji ni kupaka poda, hapo lazima mhandisi aje. Mara nyingi chanzo ni maji ya paa yanadondoka pale pale ukutani miaka 40, yamechimba mpaka msingi unaonekana. Mfereji wa kupeleka maji mbali na jamvi la saruji la kuzunguka jengo ni kazi ya bei ndogo kuliko zote na ndo inayookoa jengo, lakini hakuna mgeni rasmi anayekata utepe kwenye mfereji kwa hiyo inasahaulika. Walio Kagera muwe wakali zaidi, tetemeko la 10 Septemba 2016 liliharibu hata majengo makubwa ya shule za sekondari Ihungo na Nyakato, sembuse darasa la tofali na udongo.

Vyoo hesabuni matundu. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Andikeni mnayo mangapi, mnapungukiwa mangapi.

Sasa pangeni foleni, kwanza kinachoweza kuua mtu (ukuta unaoegemea, kenchi iliyooza, choo kinachotitia), pili maji, yani paa na mifereji, tatu vyoo, mwisho kabisa sakafu, rangi, dari. Najua kila mtu anataka rangi kwa sababu inaonekana kwenye picha. Rangi isubiri.

Kila kipande kiwe na hesabu yake. Mfano paa la jengo lenye madarasa mawili. Pima urefu wa jengo pamoja na vinavyotokeza, tuseme mita 18. Pima mteremko kutoka kileleni, pale bati la kofia linapokaa, mpaka chini, tuseme mita 4.5. Zidisha 18 kwa 4.5 unapata 81, mara pande mbili ni mita za mraba 162. Bati la mita 3 likishapandana na wenzake linafunika kama mita za mraba 2, kwa hiyo ni bati 81, ongeza za kukatika na kuharibika omba 90. Ongeza kofia, misumari, mbao za kubadilisha, dawa ya mchwa, ufundi. Bati ombeni geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati), geji 30 ni nyembamba na kwa shule ambayo hamna uhakika wa kurudi kuikarabati ni hasara. Bei chukueni maduka matatu muambatanishe. Hapo barua inasema "bati 90 geji 28 kwa jengo la darasa la tatu na la nne", na mtu akiisoma anajua cha kufanya.

Hela ziko wapi? Ya kwanza mnayo tayari, ruzuku ya uendeshaji. Kwa shule za msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ndo zinakuja shuleni nyingine ni za vitabu. Shule ya watoto 600 ni milioni 3.6, na sehemu yake tu ndo ya ukarabati, kwa hiyo hiyo ni ya mifereji, vitasa, bati mbili tatu. Msiitegemee kwa paa zima.

Ya pili bajeti ya halmashauri, na hapa kalenda ndo kila kitu. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, bunge linakaa na bajeti Aprili mpaka Juni, halmashauri zinakuwa zimeshaandaa za kwao miezi kadhaa kabla. Ukipeleka ombi Machi umechelewa mwaka mzima. Ajenda ipite mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa mapema, tuseme ikifika Oktoba iwe imeshapita na muhtasari umeandikwa, iende kamati ya maendeleo ya kata, diwani aibebe mpaka barazani. Diwani mpeni karatasi moja yenye picha na bei, msimpe faili, hatalisoma.

Ya tatu mfuko wa jimbo, yani hela za serikali za kuchochea maendeleo kwenye kila jimbo la uchaguzi, ule wa sheria ya 2009, kamati yake mwenyekiti ni mbunge. Huwa unafaa kumalizia kazi ambayo wananchi wameshaanza. Nne, kama mna mgodi karibu, toka marekebisho ya 2017 sheria ya madini inataka mgodi uandae mpango wa kusaidia jamii na ukubaliane na halmashauri, kwa hiyo msiende getini kuomba kama mnaomba sadaka, nendeni halmashauri mkaulize shule yenu imo kwenye mpango wa mwaka huu au haimo. Benki kama NMB na CRDB huwa zinatoa mabati na madawati, sio ufundi, kwa hiyo ufundi tafuteni kwingine kabla bati hazijafika zikakaa stoo. Mamlaka ya Elimu Tanzania nayo ina Mfuko wa Elimu, andikeni kupitia mkurugenzi wa halmashauri. Ile miradi mikubwa kama BOOST, ule wa serikali wa shule za msingi, na zile hela za UVIKO-19 (darasa moja milioni 20, mnakumbuka) zilienda zaidi kwenye majengo mapya, kwa hiyo mkisikia mradi mpya ulizeni kwanza kama unaruhusu ukarabati.

Michango ya wazazi inaruhusiwa ila iwe ya hiari kweli, ipitishwe kwenye mkutano, ikusanywe na serikali ya kijiji sio walimu, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili hiyo hata siku moja. Ambaye hana hela atasomba mchanga, maji, mawe. Nguvu hizo ziandikeni kwa thamani ya shilingi kwenye makadirio, mfadhili anapenda kuona na nyie mmeweka.

Hela ikiingia, kazi nyingi za shule zinafanywa kwa fosi akaunti, yani shule inanunua vifaa na kumkodi fundi. Undeni kamati tatu, ya manunuzi, ya mapokezi, ya ujenzi, na mtu mmoja asikae kwenye mbili. Manunuzi ya serikali sasa yanapita NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, toka 2023, mwalimu mkuu asiyeifahamu aombe msaada halmashauri mapema, maana nimeona kazi imesimama wiki na wiki mchanga unasombwa na mvua kisa mfumo. Kamati ya mapokezi ihesabu saruji mfuko kwa mfuko, na bati zipimwe geji pale pale kwenye gari kabla ya kushushwa, mwenye duka akijua mtapima haleti nyembamba. Matumizi yabandikeni ubaoni nje ya ofisi ambapo mzazi yeyote anasoma.

Paa fungueni likizo ya Juni, kiangazi kimeanza na madarasa yako wazi. Fundi mkataba uandikwe, alipwe kwa hatua, na asilimia 10 ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza inyeshe, mjumbe mmoja aingie kila darasa mvua ikiwa inapiga aangalie dari na kona zote ndo hela yake ya mwisho itoke.