Somo: namna ya kujitabiria wiki ya mvua hapa Bukavu, kando ya ziwa Kivu

Tangu kiangazi kiishe, telefoni yangu hailali. "Kesho itanyesha?" "Nimwage beto (zege) ama ningoje?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naandika yote mara moja. Mimi si mtu wa ofisi ya hali ya hewa. Ni mkaaji wa mtaa wa Nguba mwenye daftari la mvua la miaka sita.

Hatua ya 1. Nunua daftari.

Hatua ya 2. Weka kipimo cha mvua mahali pa wazi, mbali na mabati na miti.

Hatua ya 3. Tazama nje saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, uandike ulichoona. Usiandike "mawingu" tu. Andika yako wapi. Mlima Kahuzi una mita 3,308, na Septemba asubuhi mara nyingi unauona hadi kichwani. Mawingu yakianza kufura juu yake kama maziwa yanayochemka kabla ya saa tano, alasiri usiende mbali na nyumba.

Hatua ya 4. Fungua Windy, programu ya hali ya hewa, linganisha modeli (hesabu za kompyuta za kutabiri) ya ECMWF ya Ulaya na ya GFS ya Marekani. Modeli inaigawa dunia katika visanduku. Kisanduku kimoja cha GFS kina upande wa kilomita 25 hivi, maana yake ziwa, mji na milima ya Kabare vyote vinahesabiwa kama uwanja mmoja. Kwa hiyo usisome milimita. Soma siku ipi ina maji zaidi ya nyingine, na kama modeli zote mbili zinakubaliana. Saa zikiwa za UTC, yaani saa za kimataifa, ongeza mbili.

Hatua ya 5. Mgandamizo wa hewa. Hapa msome polepole.

Telefoni nyingine zina kipimo hicho ndani. Huku kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, namba halisi iko karibu na hektopaskali 850 (hicho ndicho kizio cha mgandamizo). Ukiona 1013, programu imeishusha hadi usawa wa bahari. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimesoma kitabu cha Ulaya kinachosema kipimo kikishuka, dhoruba inakuja. Siku moja saa nne asubuhi nikasoma 853, saa tisa 850. Nikakimbia hadi kwa akina mama wanaoanika sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, kando ya maji, nikawaambia waanue haraka. Walinisikiliza. Sambaza zikaingia ndani nusu mbichi, zikarundikwa katika mabeseni na kufunikwa turubai. Jua likawaka hadi jioni. Kesho yake zilikuwa zimelainika, zinachuruzika maji, nzi wamejaa. Mama mmoja alimwaga mabeseni mawili. Nilimlipa kwa awamu tatu.

Karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, mvua iwepo isiwepo. Unafika juu kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, unafika chini kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kushuka hektopaskali 3 toka asubuhi hadi jioni ni jambo la kila siku. ONYO: usilinganishe asubuhi na jioni. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana. ONYO la pili: usisome moja ukiwa ziwani na nyingine ukiwa Kadutu, mtaa wa juu mlimani. Kila mita 10 unazopanda zinapunguza karibu hektopaskali 1, na hakuna dhoruba hapo, ni mlima tu.

Hatua ya 6. Picha za setilaiti ya Meteosat. Dhoruba zetu kubwa mara nyingi zinatoka mashariki kwenda magharibi. Inayokua juu ya msitu wa Nyungwe, Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, ifuatilie. Iliyoko Shabunda, magharibi yetu, imeshatupita.

Hatua ya 7. Andika utabiri kwa saa na kwa upande wa mji. Wa wiki hii ni huu:

Jumatatu hadi Jumatano: asubuhi jua, anikeni hadi saa sita. Alasiri ngurumo upande wa Kabare, mjini nafasi 4 kwa 10. Alhamisi na Ijumaa modeli zote mbili zinaongeza maji, nafasi 7 kwa 10, hasa baada ya saa nane. Walio kando ya mito ya Wesha na Kawa wazibue mifereji Jumatano, wasingoje. Jumamosi na Jumapili ni mapema mno, nitaandika Alhamisi.

MASWALI

Mtoto wa Essence: Yaya, kesho itanyesha ama hapana?

Jibu: Hatua ya 7.

Bosi Kavumu: Programu yangu inaonyesha mvua siku 14 mfululizo, kwetu hata tone. Hii yote ni uongo.

Jibu: Kaka, soma tena hatua ya 4. Ikinyesha Kahuzi peke yake, kisanduku chako kinaandika mvua. Na siku 14 kwa saa hakuna anayeziweza. Mimi naishia siku 5, na ya tano naiandika kwa penseli.

Mwanafunzi wa Panzi: Aksanti kwa somo. Sijaelewa kwa nini mgandamizo unashuka saa kumi kama hakuna dhoruba. Na kwa nini kitabu cha Ulaya hakikusema?

Jibu: Umeuliza vizuri sana, mdogo wangu. Jua linapasha moto mvuke, na juu zaidi linapasha gesi ya ozoni, hewa nzima inatikisika kama wimbi linalolifuata jua kuizunguka dunia. Wimbi hilo lina migongo miwili kwa siku. Ulaya nalo liko, lakini ni dogo, na mabadiliko makubwa ya mgandamizo yanayopita kule yanalimeza. Kwetu mabadiliko hayo hayafiki, ndiyo maana wimbi linaonekana wazi. Jaribu hivi: andika kila saa kwa siku tatu, uchore mstari. Na siku ya dhoruba utaona kitu kingine: upepo wa baridi ukifika mbele ya mvua, kipimo kinaruka JUU ghafla. Niletee mchoro wako, nina hamu ya kuuona.

Mama wa kisiwa cha Idjwi: Mume wangu anavua sambaza usiku. Mchana kwetu kweupe, usiku dhoruba. Utabiri wako unasema alasiri.

Jibu: Mama, una haki, niliandika kwa watu wa mjini. Mchana upepo unatoka ziwani kupanda milimani, mvua inazaliwa huko juu. Usiku milima inapoa, hewa inateremka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, inapanda, na dhoruba inazaliwa juu ya maji, mara nyingi usiku wa manane hadi alfajiri. Mwambie aangalie umeme kabla ya kusukuma mtumbwi. Kuanzia wiki ijayo nitaweka mstari wa usiku ziwani.

Fundi Bagira: Kipimo cha mvua kinauzwa wapi?

Jibu: Usinunue. Kata chupa ya plastiki iliyonyooka, kichwa chake ukigeuze mdomo chini kiwe faneli. Chini tia changarawe na maji hadi pale inaponyooka, uchore sifuri hapo. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba ya paa lako.

Fundi Bagira: Basi paa la mita mraba 40 na mvua ya milimita 20 ni lita 800! Nilikuwa naweka pipa moja.

Jibu: Ndiyo. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, imebeba vumbi la miezi mitatu.

Mwalimu wa Kabare: Niongeze la radi. Setilaiti ilihesabu radi toka 1998 hadi 2013, na Kabare yetu ikawa ya kwanza Afrika, ya pili duniani nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya 200 kwa kilomita mraba kila mwaka. Watoto wangu nawafundisha kuhesabu toka mwanga hadi ngurumo, sekunde 3 kwa kilomita. Chini ya sekunde 30, wote ndani, na hakuna anayebaki chini ya mparachichi.

Jibu: Aksanti, Mwalimu. Na wasitoke hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.