Jinsi ya Kufuma Sweta la Kichanga Ukiwa na Paka Watundu Ndani ya Nyumba

Nafuma masweta, kofia na soksi za watoto wachanga hapa Njombe, na ninaishi na paka wawili. Masizi ni jike mweusi tii, mpole, anayependa kulala juu ya chochote chenye joto. Gunzi ni dume la rangi ya mahindi makavu, na utundu wake hauna likizo. Niliwachukua kwa sababu panya walikuwa wanatoboa magunia ya mahindi stoo, na kazi hiyo wameifanya vizuri. Lakini kwa jicho la paka, uzi unaotambaa sakafuni ni mkia wa panya, na bonge la uzi ni panya mwenyewe.

Wengi hunishauri niwatoe nje nikiwa kazini. Anayeijua baridi ya Njombe ya Juni na Julai hawezi kuniambia hivyo mara mbili. Wazee walishasema paka wa nyumba haingwa. Mimi nimeipanga kazi yangu upya badala ya kugombana nao, na tangu nianze utaratibu huu sijapoteza sweta hata moja. Mfano ninaoutumia hapa ni sweta la mtoto wa kuzaliwa hadi miezi mitatu: uzi wa akriliki wa unene wa kati, sindano za kufumia za milimita 4, vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Ukitumia uzi mwingine, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Fahamu kwanza uzi unamfanya nini paka

Tafadhali usiiruke hatua hii hata kama una haraka ya kuanza kufuma.

Ulimi wa paka una vijimiiba vigumu vinavyoelekea kooni. Ndivyo vinavyokukwaruza anapokulamba. Uzi ukishanasa hapo, paka hawezi kuutema. Anachoweza ni kuendelea kuumeza. Ncha moja inaweza kujizungusha chini ya ulimi au kukwama tumboni, huku iliyobaki ikiteremka kwenye utumbo. Utumbo unajikunja juu ya uzi kama kitambaa kinavyojikunja ukivuta uzi wa bandi, kisha uzi unaanza kuukata kwa ndani. Uzi huo ukiwa na sindano ya kushonea, hatari ni kubwa zaidi.

Gunzi akiwa na miezi saba hivi nilikuwa naweka vifungo kwenye sweta. Maharage yakaanza kuungua, nikaenda jikoni. Niliporudi, sindano ilikuwepo lakini uzi wa urefu wa shubiri mbili haukuwepo. Nilidhani umeangukia chini ya kochi. Kesho yake akatapika mara tatu, akakataa dagaa, akaenda kujificha nyuma ya kabati, na kila nikimgusa tumbo analia. Daktari wa mifugo alimpasua siku hiyohiyo. Alipona, na mimi nikafuma seti tatu ili kulipa deni.

Kwa hiyo shika haya:

- Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma kwa paka, usiuvute. Ukiuvuta unaweza kuupasua utumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka, na useme wazi kwamba ni uzi.
- Usimpe mafuta wala maziwa ili "uteleze", na usimlazimishe kutapika.
- Usimpe dawa za binadamu za maumivu. Kidonge kimoja tu cha parasetamo kinaweza kumuua paka.
- Kutapika, kususa chakula na kujificha vikienda pamoja katika nyumba ya mfumaji, anza kwa kuushuku uzi.

Hatua ya 2: Uzi wote ukae ndani ya kitu chenye kifuniko

Kapu zuri la ukindu linapendeza, lakini kwa paka ni sahani. Mimi natumia ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye kifuniko kinachobana. Pasha msumari moto, toboa tundu katikati ya kifuniko, lenye upana wa kidole chako kidogo. Kisha sugua kingo za tundu kwa msasa mpaka zilainike, maana tundu lenye makali litachuna uzi na sweta litatoka na manyoyamanyoya.

Weka bonge moja tu ndani, pitisha ncha kwenye tundu, funga. Bonge litazunguka humohumo unapovuta. Paka atasikia likigonga ndoo, atakuja kuizunguka, ataweka sikio. Mwache. Baada ya siku chache atazoea.

Weka ndoo upande wa mkono unaoshikia uzi, na uisogeze hadi iguse mguu wa kiti. Urefu wa uzi unaoonekana kati ya tundu na mkono wako usizidi mkono mmoja. Uzi mrefu unaocheza hewani ndio unaomwita Gunzi kutoka chumba cha pili.

Mabonge mengine yote yafungiwe kabatini. Vipande unavyokata viingie kwenye kopo lenye kifuniko palepale vinapokatwa, hata kile cha urefu wa ukucha.

Hatua ya 3: Mchoshe paka kabla hujashika sindano

Paka huchangamka zaidi alfajiri na machweo, saa za mawindo yake. Ukikaa kufuma saa kumi na mbili jioni bila kumshughulisha, umejiweka katikati ya mawindo hayo.

Tenga dakika 10 hadi 15. Toy ya dukani haihitajiki. Paka wangu alipewa jina kwa sababu ya mchezo huu: chukua gunzi la mahindi, livingirishe kwenye sakafu ya saruji, yeye alikimbilie, alipige teke, alikamate. Unyoya wa kuku uliochomekwa kwenye ncha ya fito ya mwanzi nao unafaa sana. Upeperushe chini chini kama ndege aliyejeruhiwa. Usitumie uzi kumchezea, hata siku moja. Ukimfundisha kwamba uzi ni mchezo saa kumi, huwezi kumwambia saa kumi na moja kwamba uzi ni kazi.

Akianza kuchoka na kujilaza ubavu, mpe chakula. Utaratibu wa paka ni kuwinda, kula, kujilamba, kulala. Ukimfikisha kwenye kujilamba, una saa mbili nzuri mbele yako.

Hatua ya 4: Mpe kiti chake

Masizi hataki uzi, anataka mapaja yangu. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, na kwenye baridi hii anatafuta wa kulihifadhi naye. Nilimtengenezea boksi la katoni karibu na mguu wangu, ndani nikaweka sweta kuukuu nililovaa mwenyewe bila kulifua, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo. Harufu yangu ipo, joto lipo. Jioni nyingi anaingia mwenyewe.

Akikanda lile sweta kwa miguu ya mbele, usimfukuze. Ni tabia aliyotoka nayo utotoni, wakati akinyonya. Akianza kulinyonya au kulitafuna, hapo liondoe uweke kitambaa cha pamba kizito kisichofumuka. Wapo paka wanaokula sufu kabisa.

Hatua ya 5: Kata ncha za kucha

Fanya hivi kila baada ya wiki mbili au tatu, paka akiwa na usingizi. Bonyeza kidole chake taratibu ukucha utoke, kata ile ncha angavu iliyopinda tu, kama milimita 2. Ndani ya ukucha kuna sehemu ya waridi yenye damu na maumivu; usiikaribie. Kwa paka mwenye kucha nyeusi kata kidogo zaidi. Vidole viwili leo, vitatu kesho, inatosha.

Hatua ya 6: Anza kufuma, na uweke uzi wa akiba

Tandika kanga mapajani. Hiyo iwe kanga ya kazi, usiivae popote. Inakusanya manyoya ya paka kabla hayajafika kwenye sweta.

Anzisha vitanzi 50 kwa kipande cha mgongo. Fuma pindo la kuvutika, kitanzi kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, kwa sentimita 3, kisha endelea na mfumo wa kawaida.

Sasa sikiliza siri ya nyumba yenye paka. Kila baada ya mistari 10, chukua uzi mwembamba laini wa rangi tofauti kabisa (mimi natumia uzi wa nailoni wa kushonea mikeka), utunge kwenye sindano butu, uupitishe ndani ya vitanzi vyote 50 vilivyo kwenye sindano ya kufumia, bila kutoboa uzi wa sweta. Acha ncha za kutosha pande zote mbili na uzifunge fundo ili zisining'inie. Endelea kufuma kana kwamba haupo.

Paka akiruka, sindano ikachomoka na kazi ikafumuka, itafumuka mpaka kwenye uzi huo na kusimama hapo. Hasara yako kubwa kuliko zote ni vitanzi 500, kazi ya jioni moja. Kabla sijaanza kuweka uzi wa akiba, nilishawahi kupoteza mgongo mzima na bega moja. Ukifika mistari 20, weka wa pili; ukifika 30, chomoa wa kwanza uutumie tena.

Kila unaponyanyuka, hata kwa kufungua mlango, sukuma vitanzi hadi katikati ya sindano na uchomeke kizibo cha chupa cha gome kwenye kila ncha. Kisha kazi yote iingie kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kukaza, nao utundikwe kwenye msumari juu. Kama sindano zako ni za mwanzi, zikague kila wiki. Gunzi anazitafuna, na alama moja ya jino inatosha kunasa uzi. Sugua kwa msasa laini. Sisi wengine tulijifunza kufuma kwa spoki za baiskeli, na kwa jambo hili moja spoki ni bora: haitafuniki.

Hatua ya 7: Paka ameshafanya uharibifu

*Sindano imechomoka.* Usiinue kazi. Ilaze mezani, chukua sindano nyembamba zaidi, milimita 2.5 au 3, uviokote vitanzi kimoja kimoja, kisha uvihamishie kwenye ile ya milimita 4. Hakikisha mguu wa kulia wa kila kitanzi uko mbele ya sindano, la sivyo kitatoka kimejipinda. Kitanzi kilichoteremka mistari kadhaa kipandishe kwa kroshia: ingiza kwenye kitanzi, kamata ngazi iliyo juu yake, vuta ipite katikati, endelea mpaka juu.

*Ukucha umevuta uzi nje.* Utaona kitanzi kirefu kimetokeza na mstari wote umekunjamana. Usikikate! Kwa sindano butu, sogeza ule ulegevu kwenye kitanzi cha jirani, kisha kinachofuata, kidogo kidogo, nusu upande wa kulia na nusu wa kushoto. Vitanzi sita au saba kila upande hutosha kuumeza. Malizia kwa kuvuta kitambaa kwa mapana na kwa marefu. Baada ya kufua hutaona kitu.

*Uzi umekatika.* Ziba vitanzi vilivyo wazi kwa pini ya mtoto kabla havijakimbia, fumua mpaka kwenye uzi wa akiba, unganisha upya. Kiraka kwenye nguo ya kichanga sikishauri. Na kama kipande cha uzi hakionekani, acha sweta kwanza, utafute kipande hicho mpaka ukipate.

Hatua ya 8: Ondoa manyoya

Vaa glovu ya mpira ya kuoshea vyombo, ilowanishe, pangusa sweta kuelekea upande mmoja. Manyoya yatajikusanya kama mashuke. Fua kwa mkono kwa maji ya vuguvugu, pangusa tena likikauka. Mwambie mteja waziwazi kwamba una paka. Kuna familia zenye watu wanaobanwa kifua na manyoya, na ni haki yao kujua kabla ya kulipa.

Hatua ya 9: Kausha na umalize

Sweta lililolowa halitundikwi, litarefuka. Likamue kwa kulizungushia taulo, lilaze juu ya taulo kavu kwenye mkeka, linyooshe kwa vipimo: sentimita 46 mzunguko wa kifua.

Hapo ndipo Masizi anapokuja. Dawa yake ni chandarua cha kichanga, kile kinachofunguka kama mwavuli. Kiweke juu ya sweta, egemeza tofali nne kwenye pembe. Hewa inapita, paka hapiti. Kwa ukungu wetu huchukua siku mbili kukauka, na siku zote mbili Masizi hulala pembeni ya chandarua, mgongo umekigusa.

Vifungo naviweka mwishoni, asubuhi, mlango umefungwa na Gunzi yuko upande wa pili. Nakata uzi wa shubiri moja tu kwa kila kifungo. Nikimaliza nahesabu: sindano moja imerudi kwenye kopo, mabaki matano kwa vifungo vitano. Kifuniko kikishabana, ndipo namfungulia.