Jina la mume limechafuka na mnataka mkopo wa nyumba, anzieni hapa

Afisa mikopo aligeuza skrini upande wetu afu akanyamaza. Tulikuwa benki moja pale Posta, mimi na baba Nasra, tumebeba faili zima, salary slip, barua za waajiri, statement, passport size, kila kitu, na pale kwenye skrini kuna mstari mmoja tu umekaa kama inzi kwenye maziwa: sh 47,300. Deni la miaka mitatu nyuma. "Kaka, hili unalijua?" Mwenzangu akaapa halijui. Likamjia kichwani tukiwa kwenye daladala tunarudi Tabata, kumbe ni laini yake ya zamani, ile iliyoondoka na simu Kariakoo, alikuwa anatumia ile huduma ya kukopeshwa pale unapotuma hela na salio halitoshi. Simu ikaibiwa, akasajili laini nyingine mtandao mwingine, maisha yakaendelea, deni nalo likaendelea kivyake.

Kwaiyo naandika kwa ajili ya nyie ambao mmoja wenu yuko safi na mwingine jina lake halisomeki vizuri, na mnaitaka nyumba ya wote wawili.

Kitu cha kwanza msigombane. Cha pili katoeni ripoti zenu wenyewe kabla benki haijazitoa. Tanzania kuna taasisi mbili zenye leseni ya Benki Kuu (BoT) za kutunza taarifa za wakopaji, Creditinfo na Dun & Bradstreet, watu mtaani wanaziita CRB tu (sio ile CRB ya makandarasi, msije mkapotea njia). Kila mmoja aende na kitambulisho chake cha NIDA, na nasema kila mmoja, hata we unayejiona malaika, maana mimi nilikutwa nimewekwa mdhamini wa mtu ofisini ambaye nilishamsahau. Ukishaweka saini ya kumdhamini mtu, akigoma kulipa wanakugeukia wewe.

Ukipata ripoti isome mstari kwa mstari. Angalia nani anadai, lini, kiasi gani, na kama deni ni lako kweli. Sisi majina yetu ndo hayahaya, Juma Hamisi na Hamisi Juma wako elfu ngapi hapa mjini, taarifa zikiingizwa vibaya unabeba mzigo wa mtu. Kama sio lako andika malalamiko kwa maandishi, peleka kwa aliyelileta na kwa hao wenye ripoti, ambatanisha kopi ya NIDA, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Halafu mwambie mwenzio apige *106# aone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, hapo ndo sisi tulikuta laini mbili ambazo hatukujua bado zinahesabika ni zake.

Kama deni ni lake, lipeni. Najua kuna wanaosema subiri litafutika, tusidanganyane, afisa akiona deni la elfu arobaini halijalipwa hawazi udogo wake, anawaza kama elfu arobaini imemshinda, milioni themanini je? Mkilipa dai barua ya kumaliza deni, yenye muhuri, sio meseji tu. Kisha mpe muda mkopeshaji apeleke taarifa mpya, mwezi au miwili hivi, mtoe ripoti tena kuhakikisha. Sisi ripoti ya pili ilikuja bado haijabadilika, barua ndo ilituokoa, mwenzangu akaenda nayo kwa mkopeshaji akakaa pale mapokezi mpaka saa nane mchana kitu kikarekebishwa akiwa anaangalia.

Na vishoka wa kusafisha jina kwa laki mbili muwaogope kama ukoma. Hakuna mtu wa ndani. Pia kama tatizo lenu ni zile app za mikopo za kausha damu, zinazotukana mpaka shemeji zako kwenye simu, jueni kwamba Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya majukwaa na app 69 zinazokopesha bila leseni, kaiangalieni kabla hamjamtumia mtu hela.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: muombe pamoja au aombe mmoja?

Hapa watu wengi wanachanganya vitu viwili. Nani anakopa ni suala moja, nani anamiliki ni suala jingine. Mkiomba pamoja benki inajumlisha vipato vyenu lakini inajumlisha na madoa yenu pia. Mkiomba kwa jina la aliye safi peke yake, doa linapungua makali lakini na kipato kinakuwa kimoja, na hapo ndo hesabu inapouma. Tuipige. Nyumba milioni 100, mmetanguliza 20%, mnakopa 80. Riba za mikopo ya nyumba hapa kwetu kwa miaka mingi zimekuwa zikicheza kati ya 15% na 19%, tuchukue 16% kwa miaka 20. Rejesho linakuja kama sh 1,113,000 kila mwezi. Haya, aliye safi ana basic ya milioni 2 sekta binafsi. Toa mchango wa pensheni NSSF laki 2, toa kodi ya mshahara (PAYE) 368,000, na kama bado analipa mkopo wa chuo, toa Bodi ya Mikopo 15% ambayo ni laki 3, anabaki na 1,132,000. Benki nyingi zinataka theluthi moja ya mshahara isiguswe, yani kama 667,000. Kinachobaki cha kulipia nyumba ni 465,000 tu! Hiyo inabeba mkopo wa milioni 33 hivi, sio 80.

Mimi nilipopiga hii hesabu usiku nilizima taa nikalala bila kuongea na mtu.

Ila iangalieni vizuri, kuna kitu ndani yake. Ile laki 3 ya Bodi ikiisha, uwezo unapanda mpaka 765,000, yani mkopo wa milioni 55. Kwaiyo kama deni la Bodi limebaki kidogo, kulimaliza kwanza kunaweza kuwasaidia kuliko kuhangaika kutafuta nyongeza ya mshahara. Na kitu kingine, 80 hiyohiyo ukiilipa kwa miaka 15 badala ya 20 rejesho linapanda kama elfu 60 na kitu tu kwa mwezi, lakini jumla yote unaokoa zaidi ya milioni 50. Muulizeni afisa awapigie zote mbili, wasipoulizwa hawasemi.

Sisi tuliamua kusubiri tuombe pamoja, kwa sababu mshahara wangu peke yangu ungetupeleka kwenye chumba na sebule Chanika huko na wote tunafanya kazi mjini. Wengine kwao kuomba peke yako ni sawa tu, mfano kama mnanunua kitu kidogo au mmeshatanguliza hela nyingi. Kadiri mnavyotanguliza zaidi ndo doa linaweza kupungua uzito.

Sasa hata akikopa mmoja, mwingine hakwepeki. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 na Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 114 zinataka ridhaa ya mwenzi nyumba ya familia ikiwekwa dhamana. Kwaiyo mumeo atakuja kusaini fomu ya ridhaa, na kuna benki wakimuona tu wanataka na ripoti yake. Ridhaa sio kukopa, hadaiwi rejesho kwa saini ile, lakini mkishindwa kulipa nyumba ikinadiwa hawezi kusema hakujua. Wale wa "tunaishi tu hatujafunga ndoa" msijione mmepona, mkikaa pamoja miaka miwili na jamii inawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweza kuwadhania wanandoa.

Kwenye hati pia mna la kuchagua. Mnaweza kumiliki pamoja bila mafungu, mmoja akifariki aliyebaki anachukua yote, au kumiliki kwa mafungu, kila mtu na sehemu yake inayojulikana ambayo anaweza kuirithisha. Mkiwa na watoto wa nje, hapa msimalizie kwa aibu, ongeeni. Ila kumbukeni aliyepo kwenye hati lazima asaini rehani, kwaiyo ulizeni benki mapema, kabla hamjasaini mkataba wa mauziano, kama wanakubali mwenye doa awe kwenye hati bila kuwa mkopaji. Tuliuliza benki tatu tukapata majibu matatu.

Na hati iwe hati. Ile karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa haiwapi mortgage.

Mkigonga mwamba kabisa kuna njia za pembeni. Kuna mpangaji mnunuzi, unakaa huku unalipia mpaka nyumba inakuwa yako, ndo mtindo waliopewa zile kaya 644 za Magomeni Kota mwaka 2022, na Watumishi Housing nao wanao. Kuna pia benki za Kiislamu na madirisha yao, ulizeni musharaka inayopungua, benki na nyie mnaimiliki nyumba kwa ubia halafu mnanunua fungu la benki kidogokidogo. Haina riba ila ripoti zenu wataangalia vilevile, na sio lazima uwe Muislamu.

Sisi ripoti ya tatu ilitoka safi mwezi uliopita. Jumatatu tunarudi palepale Posta, faili lilelile, ila safari hii baba Nasra ameiweka ile barua ya sh 47,300 juu kabisa, kwenye plastiki.