Jinsi ya kutoa maoni juu ya kitabu ambacho hujakimaliza

Kikundi chetu cha kusoma hapa Tanga kina watu sita na nakala mbili za kitabu. Hesabu hiyo ndiyo iliyotufundisha karibu kila kitu nitakachoeleza hapa. Nakala zinazunguka, kwa hiyo Jumamosi tukikutana kila mtu yuko pake: mmoja keshamaliza, mwingine bado yumo sura ya pili, na wote wana la kusema. Mfano wangu utakuwa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, maana ndiyo iliyo mikononi mwetu msimu huu.

Usiogope kusema kabla hujamaliza. Ukishafika mwisho wa riwaya huwezi tena kumwona mhusika kama ulivyomwona kabla hujajua atafanya nini. Yale mawazo ya njiani yasiposemwa mapema yanapotea.

Hatua ya 1: Weka alama pale uliposita

Wengi huweka alama kwenye sentensi tamu. Mimi nakushauri uweke pale ulipocheka peke yako, ulipokasirika, uliporudia mstari mara mbili, au uliposinzia. Kitabu ni cha kuzunguka, kwa hiyo kalamu marufuku. Tunatumia vipande vya karatasi (risiti za dukani zinafaa sana) na juu yake tunaandika neno moja: "hasira", "sijaelewa", "uongo!". Vipande vitatu kwa wiki vinatosha. Ukija na ishirini utatuchosha.

Na "sijaelewa" ni maoni kamili. Mwanzoni kabisa mwa Vuta N'kuvute, uso wa Yasmin unafananishwa na tungule. Kijana wetu mmoja aliyekulia Songea alisoma kurasa kadhaa akidhani tungule ni ua. Alipouliza, mama mmoja mzaliwa wa Pemba alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu, tungule ni nyanya!" Basi hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Kwa nini nyanya, kitu cha sokoni na jikoni, na si waridi kama tulivyozoea kwenye nyimbo? Je, anatuambia ni binti mzuri, au ni binti anayekaribia kuuzwa? Tulikaa na nyanya hiyo karibu nusu saa. Kijana angeona haya kuuliza, tungeipita.

Hatua ya 2: Sema umefika wapi, kwa tukio

Ukurasa peke yake hautoshi, maana matoleo hutofautiana. Sema: "Nimefika pale Yasmin, binti wa miaka 15, ameshaozwa kwa Bwana Raza mwenye duka." Aliye nyuma yako atatoka kwenda kutazama chai jikoni, na aliye mbele yako anajua asivuke hapo.

Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, tangazeni mapema, kisha mnyamaze. Hakuna kinachoniudhi kama "lakini kwenye sinema ilikuwa..."

Hatua ya 3: Fikra, chanzo chake, na shaka yako

"Kitabu kizuri" haimsaidii mtu. Sema unachofikiri, taja kilichokufanya ufikiri hivyo, kisha umalizie na unachokitilia shaka. Mshona nguo wetu alisema hivi: "Mie nawakasirikia wazazi wa Yasmin kuliko Raza. Raza namwona mzee anayetaka kupendwa tu. Waliomtoa mtoto ndio walioamua. Lakini labda namhurumia kwa sababu mpaka sasa namwona kwa macho yake mwenyewe." Sentensi yake ya mwisho ilimfungulia mlango kila aliyekuwapo. Wawili walimpinga palepale, na hakuna aliyenuna.

Jihadhari na kumtwika mwandishi maneno ya mhusika. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni Tanzania, na baadaye ikaja kuruhusiwa. Tulipoisoma, mwenzetu mmoja alifika katikati akatangaza kwamba mwandishi anawafundisha wasichana uhuni. Nikamwuliza, nani anasema hivyo humo ndani, na katika mstari upi? Akachukua kitabu kwenda kutafuta. Wiki iliyofuata alirudi anamzungumzia Zakaria, yule baba, na kipigo alichompa binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Uhuni hakuutaja tena.

Hatua ya 4: Bashiri

Andika unachodhani kitatokea, weka tarehe, ukunje karatasi. Zetu zinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo halifunguliwi mpaka mtu wa mwisho amalize. Ubashiri uliokosea una mazungumzo mengi kuliko uliopatia, kwa sababu unabidi urudi nyuma kuona mwandishi alikupotezea wapi. Mimi niliandika kwamba Yasmin angerudi kwa mumewe. Sisemi kama nilipatia.

Hatua ya 5: Kwa wewe uliyemaliza

Hapa nimekosea mwenyewe. Dada mmoja alikuwa akimsifu Denge, mhusika mwingine wa Vuta N'kuvute, anaeleza kwa furaha kabisa, nami nikaguna tu, "Mh!" Akafunga kitabu. "Mwalimu, si bora ungeniambia moja kwa moja!"

Kuguna ni kukata uhondo. "Subiri utaona" nayo ni hivyo hivyo, na "we endelea kwanza", na wale wawili wanaotazamana wakitabasamu. Siku hizi aliyemaliza anaruhusiwa swali moja tu, tena liwe juu ya kurasa ambazo mwenzake keshazisoma. Kwa mfano: "Siku ya kwanza ulimwonaje?" Halafu asikilize akiwa na uso mkavu. Ni kazi ngumu, wengine inabidi watazame dirishani.

Ukikishindwa kitabu

Sema uliachia wapi na ulichoka na nini. Inatosha. Usitoe hukumu juu ya kurasa ambazo hukuzifungua.

Kabla ya kumpa mwenzako nakala

Toa vipande vyako vyote. Hili tulilisahau kuliweka kwenye utaratibu wetu, na sasa nalipia. Kitabu kijacho ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, na nakala imenifikia Jumatano ikiwa na risiti ya mtu inachungulia karibu na mwisho. Nimeshaisoma, imeandikwa "Hapana! Hapana!" Mimi nipo sura ya kwanza.