SOMO: Kubadilisha tangi la petroli linalovuja kwenye boti ya zamani bila kujilipua

Wakuu, nimeamua kuandika hili mara moja ili kila anayeniuliza nimrushie tu, manake maswali ni yale yale kila siku. Naongelea boti ya zamani ya faibaglasi, tangi la alumini lililofukiwa chini ya sitaha, injini ya petroli. Wa dizeli mna nafuu, dizeli haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la nyuzi 50 na kitu, petroli inautoa hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Soma mpaka chini ndo uulize.

1. Hakikisha kweli ni tangi. Pitisha kitambaa safi kikavu kwenye mipira yote ya mafuta halafu kinuse. Kikinuka petroli, mpira umechoka na unapitisha mvuke hata kama huoni ufa. Wengi wamefumua sitaha bure.

2. Boti itoke majini, ikae nje penye upepo. Sio gereji, sio chini ya turubai.

3. Fungua kila mfuniko, ngama (ile sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) ipate hewa kwanza, HALAFU ndo uvue terminali za betri. Ukianza na betri wakati ngama inanuka, ile cheche ndogo ya kuvua terminali inakutosha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala ngamani kabisa, hautoki wenyewe kwa sababu umefungua dirisha huko juu.

4. Nyonya mafuta kwa pampu ya mkono, polepole. Madumu yakae ardhini, sio juu ya plastiki wala ndani ya gari, umeme tuli hauonekani mpaka uruke.

5. Sasa tangi ni tupu na watu wanapumua. Hapa ndo pabaya. Petroli inashika moto mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa hivi. Tangi lenye mafuta, ndani mvuke ni mwingi mno na hewa ni haba, kwa hiyo haliwaki kirahisi. Ukishalimwaga hewa inaingia, mvuke unapungua mpaka unafika kwenye hicho kiwango, na lita moja iliyobaki kwenye kona inaendelea kuulisha. Ziba matundu yote ya tangi mpaka litoke botini. Ngama ipige hewa kwa feni iliyokaa mbali, inasukuma hewa safi kuingia, isivute ule mvuke upite kwenye mota yake.

6. Ukilazimika kukata sitaha, msumeno wa mkono. Wa grainda sina la kuwaambia.

7. Povu lililozunguka tangi likate kwa kisu kirefu, ling'oe vipande vipande. Likiwa limeloa utaelewa tangi lilikufaje: povu linashika maji ya chumvi yakalala kwenye alumini bila hewa, ukigeuza tangi unakuta unga mweupe kama chokaa chini yake, ukiukwangua kuna vitundu vya ncha ya sindano. Boti nyingine hilo povu ndo linaloifanya ielee ikijaa maji, kwa hiyo usilitupe bila mpango wa kurudisha.

8. Tangi jipya lisikae juu ya mbao wala zulia. Gundisha tangini vipande vya neoprini (aina ya mpira) vyenye nafasi kati yake, maji yapite na alumini ipumue.

9. Mipira yote mipya, ile ya mafuta ya boti yenye maandishi ISO 7840. Mpira wa kujazia klipu mbili kila upande. Waya wa ethi kutoka mdomo wa kujazia mpaka tangini usiusahau.

10. KUPIMA. Hii hatua niliwahi kuiharibu ndo maana naiandika kwa kirefu. Nilifunga kila kitu, nikatia mafuta kidogo, nikaangalia chini ya tangi, pakavu, nikarudisha sitaha na sili juu. Siku ya kujaza full petroli ikaingia ngamani. Shida ilikuwa juu, kwenye floti ya geji, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachoiambia geji mafuta yamefika wapi. Ile sahani ina skrubu tano na matundu yake hayajapangwa kwa nafasi sawa, gasketi inakaa kwa mkao mmoja tu. Mimi niliivuta kidogo ikakubali, kumbe imejikunja upande. Chini ya nusu tangi haivuji hata tone, huwezi kujua.

Kwa hiyo: zungusha gasketi mpaka matundu yote matano yaonekane wazi bila kulazimisha. Halafu, kabla ya tone lolote la mafuta na kabla ya sitaha, pima kwa hewa pamoja na mipira yake. Ziba mdomo wa kujazia na tundu la kupumulia, chomoa laini ya injini uizibe, pandisha presha kwa pampu ya baiskeli mpaka psi 3 na USIZIDISHE. Kompresa weka mbali. Ubavu wa sentimita 100 kwa 60, kwa psi 3 tu unasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya tani moja, sasa piga hesabu ya kompresa. Pakaza maji ya sabuni kila kiungo, subiri nusu saa kivulini, jua likipiga tangi presha inapanda yenyewe ikakudanganya.

11. Rudisha sitaha. Kabla ya kuwasha washa feni ya ngama angalau dakika 4, na unuse.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi nimepaka epoksi kwenye tundu, limekauka na halivuji, kwa nini mnatutisha?
Jibu: Soma namba 7. Tundu uliloliona ni moja, yaliyobaki yako upande usiouona.

Swali: Naweza kunyonya mabaki kwa vacuum ya nyumbani? Ni kidogo tu.
Jibu: Hapana. Mota yake inatoa cheche na mvuke unapita hapo hapo. Kitambaa, kwa mkono, halafu kikauke nje.

Swali: Nikiosha tangi la zamani kwa sabuni fundi anaweza kulichomelea?
Jibu: Sijaandika kuosha na sijaandika kuchomelea.

Swali: Sijakupinga, nauliza tu.
Jibu: Sawa ndugu, nimekuwa mkali. Sababu ni kwamba mafuta yanabaki kwenye maungio na nyuma ya zile kuta za ndani, moto wa kuchomelea ukiyapasha yanatoa mvuke upya. Wapo mafundi wenye vifaa vya kujaza gesi isiyowaka na kupima mvuke, wape hao kama tangi halipatikani jipya. Ila alumini iliyoliwa namna ile haina nyama ya kushika.

Swali: Kiongozi, plastiki vipi? Haina kutu, kwa nini watu bado wanaweka alumini?
Jibu: Swali zuri. Plastiki ni nzuri sana, tatizo inavimba ikishalowa petroli, hesabu asilimia 2 hivi. La sentimita 100 linahitaji sentimita 2 za kuongezeka, ukilibana kwenye shimo la lile la zamani litasukuma mbao au litajipinda kwenye viungo. Mikanda pia usiikaze sana mwanzoni. Na huwa halipatikani kwa umbo unalotaka, alumini unachomewa kwa kipimo chako.

Swali: Nimebadilisha kila kitu, geji inasoma kinyume. Tangi tupu inaonyesha full.
Jibu: Floti na geji haziongei lugha moja. Za Kimarekani ohmi 240 ikiwa tupu na 33 ikijaa, za Kiulaya 10 tupu na 180 full. Pima floti kwa mita ya ohmi kabla ya kununua geji nyingine, na ukiitoa tena kumbuka ile gasketi.