Asilimia ya malipo na hatari ya mchezo: namna ya kuzisoma kabla ya kuweka dau

Mchezo wowote wa kasino una mambo mawili ya kuangalia. Asilimia ya malipo ni sehemu ya madau inayorudi kwa wachezaji kwa muda mrefu. Hatari ni namna malipo hayo yanavyokuja: kidogo kidogo, au kitita kimoja baada ya ukame mrefu. Wengi husoma la kwanza tu, kisha hushangaa mchezo wa asilimia 96 umewamaliza ndani ya dakika 20.

Anza na ruleti, maana hesabu yake iko wazi. Gurudumu la Ulaya lina namba 37, kuanzia 0 hadi 36. Ukiotea namba moja unapokea mara 36 ya dau, na dau lenyewe limo humo. Gawanya 36 kwa 37, unapata asilimia 97.3, kasino inabaki na 2.7. Namba nyekundu zipo 18, na ukiotea rangi hiyo ikatoka unapokea mara 2 ya dau, kwa hiyo jibu ni lile lile. Gurudumu la Marekani huongeza 00, na makato yanapanda hadi 5.26. Likiwepo la Ulaya, achana na hilo la Marekani.

Sasa zungusha mara 100 kwa dau la 10. Ukicheza nyekundu au namba moja, wastani wa hasara ni 27. Lakini kwenye nyekundu, takriban mara mbili kati ya tatu utamaliza kati ya hasara ya 127 na faida ya 73. Kwenye namba moja, wachezaji 6 au 7 kati ya 100 hawatashinda hata mara moja, na 1,000 yote imeliwa. Karibu nusu watashinda mara 2 au pungufu, yaani hasara ya 280 au zaidi. Ukishinda mara 3 tu, tayari una faida ya 80. Asilimia haikubadilika, kilichobadilika ni hatari.

Kwenye sloti, yaani mashine za kuzungusha picha, gurudumu huoni, kwa hiyo fungua ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo wenyewe utafute herufi RTP, kifupi cha Kiingereza cha asilimia ya malipo. Usitegemee namba uliyoisoma kwingine: mchezo mmoja unaweza kutolewa kwa viwango kadhaa vya malipo, na kasino ndiyo huchagua. Hatari mara nyingine huonyeshwa kwa nyota au alama za radi. Zisipokuwepo, soma jedwali la malipo. Kama zawadi ya juu ni mara 5,000 ya dau huku alama za kawaida zikilipa chini ya dau, pesa nyingi zimefungiwa kwenye ushindi adimu. Mtaji wa madau 50 unaweza kuisha kabla hujauona. (Mashine ikikulipa 4 kwa dau la 10, taa na muziki vitawaka vilevile. Umepoteza 6.)

Kisha piga hesabu ya saa moja: dau, mara idadi ya mizunguko, mara makato. Sloti ya asilimia 96, dau 10, mizunguko 600: 240. Ruleti ya mezani, dau 10, mizunguko 40: takriban 11. Kosa la kawaida hapa ni kudhani makato yanakatwa kwenye pesa uliyoingia nayo. Yanakatwa kwenye kila dau, na 1,000 ile ile huzunguka mara nyingi.

Kuongeza dau maradufu kila unapoliwa hakugusi asilimia. Ukianza na 10 kwenye nyekundu, kuliwa mara 7 mfululizo kunagharimu 1,270, na hutokea takriban mara 1 katika majaribio 106. Ushindi wa kila jaribio lililofanikiwa ni 10.

Bonasi nayo ipimwe hivyo hivyo. Ukipewa 1,000 kwa sharti la kuizungusha mara 30, utaweka madau ya 30,000. Kwa makato ya asilimia 4, hasara inayotarajiwa ni 1,200.