Kuandika majina ya pwani ya Jibondo

Pwani ya Jibondo, kisiwa kidogo kilichoko kusini mwa Mafia, haionekani yote kwa wakati mmoja. Maji yakipwa hutokeza miamba, mafungu ya mchanga na vidimbwi, na mengi ya majina yake hayamo katika ramani yoyote. Kwa hiyo anayetaka kuyaandika na aanze na mwezi: apange safari katika siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa kuwa siku hizo maji hupwa mno yapata saa nne asubuhi, na mwamba hubaki wazi kwa muda mfupi tu. Siku za maji mafu, yaani maji yasipopwa wala kujaa sana, zinafaa kwa mazungumzo ya barazani.

Kabla ya yote, fika ofisi ya kijiji ueleze shughuli yako, na ukumbuke kwamba kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Usimtandazie mzee ramani na kumwuliza mahali fulani panaitwaje, kwani kwa adabu tu anaweza kukupa jibu ambalo si jina. Uliza kwa njia ya kazi. Mwanamke anayerudi na ndoo, ukimwamkia na kumwuliza, "Bibi, pweza huyu mmemtoa wapi?", atataja jina kama anavyolitaja kila siku. Milango ya bahari, yaani njia za maji kati ya visiwa au miamba, na mikondo waulize manahodha.

Andika sentensi nzima, si jina peke yake. Kuhusu Mlango wa Kinasi, mmojawapo wa milango hiyo huko Mafia, anayesema "mle mna mkondo" anazungumzia ndani ya mlango. Anayesema "pale pana mkondo" anaonyesha sehemu mahususi. Na "kule kuna mkondo" ni eneo pana. Kwa maoni yangu, silabi hizo za pa, ku na mu hueleza mipaka ya mahali vizuri kuliko nukta ya ramani, na ndizo zinazopotea kwanza jina linapohamishiwa kwenye jedwali.

Tahajia ifuate matamshi ya wenyeji, hata yanapotofautiana na Kiswahili sanifu. Kisiwa kimoja cha karibu na Mafia huandikwa Shungimbili na pengine Shungumbili. Hali kama hiyo ikitokea, weka maumbo yote mawili, ueleze nani alisema lipi, na uhifadhi sauti iliyorekodiwa kwa ridhaa yake. Usikimbilie kufafanua maana. Kilindini ya Mombasa inajieleza, kwa kuwa ni kilindi chenye -ni ya mahali, lakini majina mengi hayajielezi hivyo.

Nukta za simu, yaani vipimo vya mahali ulipo vinavyoonyeshwa na simu, zichukuliwe ukiwa umesimama pale pale. Mlango wa bahari hauwi nukta moja, bali uchorwe kama mstari. Latitudo iwe na alama ya kutoa, kwani Jibondo iko kusini mwa ikweta, na ukiisahau itahamia Ethiopia.

Yapo majina utakayoambiwa usiyatoe nje: mashimo ya pweza ambayo mtu amerithi kwa mama yake, au mahali penye mzimu. Yawekee safu yake katika daftari, na nakala ya kuchapishwa usiitengeneze kabla ya kuwasomea waliokuambia orodha yote kwa sauti, jina baada ya jina, wakifuta wanayotaka yafutwe.